Kupima na Kuongeza Kasi ya Waifai kwenye Linux na Mifumo Mingine Huria

Intaneti inaposuasua katika nyumba au ofisi ya Dar es Salaam, wengi wetu humpigia simu mtoa huduma, na hali isipobadilika hununua kifurushi kikubwa zaidi. Huenda hatua zote mbili ni za lazima, ila huchukuliwa kabla ya kujua tatizo liko upande gani. Data inayofika kwenye kompyuta yako imepita njia mbili: ile ndefu, kutoka seva ya mbali hadi kwenye ruta yako, na ile fupi ya mita chache hewani, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kadi ya waifai. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, iliyoumia ni njia ndefu, na hakuna aliyeweza kurudisha kasi yake kwa kuhamisha ruta sebuleni. Lakini siku za kawaida, mara nyingi kasi hupotelea kwenye zile mita chache, na hapo mwenye kompyuta anaweza kurekebisha mwenyewe bila kumsubiri mtu.

Mwongozo huu unawahusu wanaotumia Linux, FreeBSD au OpenBSD kwenye kompyuta zao, pamoja na OpenWrt kwenye ruta. Uzuri wa mifumo hii ni kwamba haiishii kumwonyesha mtumiaji vijistari vinne vya mawimbi na kumwacha akisie. Inampa namba zenyewe: nguvu ya mawimbi, kasi ambayo kadi na ruta zimekubaliana, pakiti (vipande vya data) zilizolazimika kutumwa upya, na hata muda ambao chaneli ilikuwa imeshikwa na wengine. Namba hizo ndizo nitakazozitegemea hapa, kwa kuwa ninaamini kwamba sehemu kubwa ya kasi iliyopotea hurudi kwa kurekebisha mambo ya hewani, wala si kwa kunakili mistari ya mipangilio ya kerneli (kiini cha mfumo) ambayo aliyeinakili hakupima faida yake.

Kuandaa kipimo

Tovuti za kupima kasi ya intaneti hazifai kwa hatua hii, kwa sababu zinapima njia zote mbili kwa pamoja na kukupa namba moja. Unahitaji kompyuta mbili: moja iunganishwe kwenye ruta kwa kebo, nyingine itumie waifai kama kawaida. Kwenye zote mbili weka iperf3, programu huria inayotunzwa na ESnet ya Marekani, ambayo husukuma data kutoka kumbukumbu ya kompyuta moja hadi nyingine bila kugusa diski wala intaneti. Kwenye Debian na Ubuntu andika:

sudo apt install iperf3 iw wavemon ethtool

Fedora hutumia dnf badala ya apt. FreeBSD hutumia pkg install iperf3, na OpenBSD pkg_add iperf3. Kwenye kompyuta yenye kebo, angalia kwanza kasi ya tundu la mtandao, kisha washa seva:

ethtool eth0 | grep Speed
iperf3 -s

Jina eth0 laweza kuwa enp3s0 au jingine; amri ya ip link itakuonyesha, na itakuonyesha pia jina la kadi ya waifai, ambalo hapa nitaliita wlan0. Usiruke kuangalia kasi ya tundu. Ruta nyingi za bei nafuu zina matundu ya megabiti 100 kwa sekunde, na kwenye tundu la aina hiyo iperf3 haiwezi kuvuka megabiti 94 hivi kwa TCP, itifaki inayobeba sehemu kubwa ya data ya intaneti, hata hewa iwe safi kiasi gani. Ukiona matokeo yamekwama kwenye 93 au 94 na hayatikisiki, ujue umepima kebo. Waifai yako bado hujaipima.

Sasa, kwenye kompyuta ya waifai, pima pande zote mbili, ukiweka anwani ya ile yenye kebo badala ya hii ya mfano:

iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30
iperf3 -c 192.168.1.10 -t 30 -R

Amri ya kwanza hupima data inayotoka kwenye kompyuta yako, na ya pili, yenye -R, hupima inayoingia. Matokeo ya pande hizo mbili hayalazimiki kulingana: ruta huwa na antena nzuri na umeme wa uhakika, ilhali kompyuta mpakato hutuma kwa nguvu ndogo ili kuokoa betri, hivyo si ajabu kupakua kukawa kuzuri huku simu za video zikikatika kwa sababu ya kupakia.

Kipimo kimoja hakitoshi, kwani hewa hubadilika kila sekunde. Rudia mara tano na uhifadhi matokeo kwenye faili:

for i in 1 2 3 4 5; do iperf3 -c 192.168.1.10 -t 20 -R | grep receiver; sleep 10; done | tee -a vipimo.txt

Panga matokeo hayo kutoka dogo hadi kubwa, uchukue la tatu. Lile kubwa kuliko yote linavutia, lakini halisemi mtandao wako ukoje. Linasema tu ulivyokuwa ndani ya sekunde ishirini za bahati. Pima pia katika nyakati mbili tofauti, kwa mfano saa nne asubuhi na saa mbili usiku, wakati majirani wamerudi makwao na televisheni zote zinavuta video.

Kuna mitego mitatu inayoharibu vipimo vya watu wengi. Wa kwanza ni kuweka seva ya iperf3 ndani ya ruta yenyewe: kichakataji cha ruta ndogo huchoka kuzalisha data kabla waifai haijachoka kuibeba. Wa pili ni kupima kati ya kompyuta mbili zilizo kwenye waifai ileile, jambo linalofanya kila pakiti ipite hewani mara mbili na matokeo kushuka hadi nusu hivi. Wa tatu ni ukuta wa moto kwenye kompyuta ya seva. Iperf3 husikiliza kwenye mlango namba 5201, na kwenye Ubuntu unaufungua kwa sudo ufw allow 5201/tcp.

Kusoma kinachotokea hewani

Namba ya iperf3 inakuambia kwamba kasi ni ndogo, ila haikuambii sababu. Sababu utaitafuta kwa iw. Chukua mfano wa ofisi ndogo ya uchapaji iliyo ghorofa ya tatu ya jengo la Kariakoo, ruta ikiwa mapokezi na kompyuta ya mhasibu ikiwa chumba cha nyuma, kuta mbili za matofali ya saruji kati yake. Amri ya iw dev wlan0 link inaonyesha yafuatayo:

freq: 2437
signal: -71 dBm
rx bitrate: 52.0 MBit/s MCS 5
tx bitrate: 39.0 MBit/s MCS 4

Mstari wa kwanza unasema kompyuta iko kwenye chaneli ya 6 ya masafa ya gigahezi 2.4. Wa pili ni nguvu ya mawimbi, na kwa kuwa namba ni hasi, iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo bora: -50 ni nzuri sana, -65 inafanya kazi vizuri, -75 ni dhaifu, na kuelekea -80 muunganisho huanza kukatika. Kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo kutoka -71 hadi -61 ni hatua kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho. Mistari miwili ya mwisho, rx ya kupokea na tx ya kutuma, ni kasi ambayo pande mbili zimekubaliana kwa wakati huo. Usiichukue kuwa ndiyo kasi utakayoipata. TCP hupata kati ya nusu na theluthi mbili ya hiyo hata chaneli ikiwa tupu, kwa sababu kila kundi la pakiti lazima lisubiri zamu na kukiriwa kupokelewa. Hapa basi, kwa kutuma, tungetarajia megabiti 20 hadi 25 kwa sekunde.

Tuseme iperf3 inatoa 7. Hapo ndipo amri mbili zinazofuata zinapokuwa na thamani:

iw dev wlan0 station dump
iw dev wlan0 survey dump

Katika ya kwanza tafuta tx packets na tx retries. Ikiwa pakiti zilizotumwa ni 48,210 na zilizorudiwa ni 17,930, basi marudio ni zaidi ya theluthi moja, na muda wa hewani unaliwa na kazi ileile inayofanywa upya. Katika ya pili tafuta mistari ya masafa yenye alama ya [in use], kisha ulinganishe channel active time na channel busy time. Hesabu hizi hulimbikizwa, hivyo soma mara mbili kwa kuachanisha dakika moja na utoe ya kwanza kutoka ya pili. Ikiwa katika milisekunde 60,000 chaneli ilikuwa imeshikwa kwa 46,800, maana yake ni asilimia 78 ya muda, na mhasibu wetu amekuwa akigombea kilichobaki pamoja na jengo zima. Si kadi zote zinazotoa hesabu ya survey kamili. Za Atheros na MediaTek kwa kawaida hutoa.

Msongamano huo hausababishwi na watu wanaopakua tu, na jambo hili nalisisitiza kwa sababu linawahusu hasa wanaofanya kazi katika majengo yenye fremu na ofisi nyingi. Kila ruta hutangaza jina lake mara moja katika kila milisekunde 102.4, hata kama hakuna anayeitumia. Ruta ikiwa bado inahudumia vifaa vya kiwango cha zamani cha 802.11b, tangazo hilo hutumwa kwa megabiti 1 tu kwa sekunde. Tangazo la baiti 300 huchukua basi milisekunde 2.4, na ukijumlisha utangulizi wake linafika milisekunde 2.6 hivi, yaani asilimia 2.5 ya muda wote wa chaneli. Weka ruta kumi za namna hiyo kwenye chaneli ya 6, kila moja ikiwa na jina moja tu, na robo ya chaneli imekwisha kabla ya mtu yeyote kufungua barua pepe. Ruta inayotangaza majina mawili, la wenyeji na la wageni, huhesabiwa mara mbili.

Kupata nguvu ya mawimbi

Anza na mahali pa ruta, kwa sababu ni bure. Nyumba zetu ni za saruji, na ghorofa zina sakafu ya zege yenye nondo. Ukuta mmoja unavumilika, miwili inaumiza, na sakafu ya zege huumiza kuliko kuta. Dari na vizuizi vya jipsamu karibu havina madhara. Bati, geti la chuma, friji, nyuma ya televisheni na tangi la maji lililojaa ni vitu vya kukwepa kabisa. Washa wavemon kwenye kompyuta mpakato, tembea nayo chumba hadi chumba, na uangalie namba ya dBm ikipanda na kushuka. Kisha sogeza ruta hatua kwa hatua kuelekea katikati ya eneo linalotumika, ikiwa juu, pasipo na kitu mbele yake. Baada ya kila badiliko rudia ule mzunguko wa vipimo vitano, na usibadilishe mambo mawili kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lipi limesaidia.

Wenye ruta za laini ya simu wana mgongano wa kweli hapa. Ruta inataka kuwa dirishani ili iuone mnara, na waifai yake inataka kuwa katikati ya nyumba. Wengi huchagua kimoja na kuteseka na kingine. Ninavyoona mimi, lililo bora ni kuiacha ruta ya laini dirishani, kuvuta kebo hadi katikati ya nyumba, na kufunga hapo ruta nyingine ya kawaida itakayotoa waifai peke yake, ile ya dirishani ikizimwa waifai. Ruta ya mtumba inayokubali OpenWrt inafaa sana kwa kazi hii. Vifaa vya kurudia mawimbi vinavyouzwa kwa ajili ya kuchomekwa ukutani ni suluhisho duni, kwa kuwa vingi hupokea na kutuma kwenye chaneli ileile na hivyo kugawa muda wa hewani mara mbili.

Kuchagua masafa, chaneli na upana

Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi nyingi na majirani wachache wanaosikika, kwa sababu hayapenyi kuta vizuri. Udhaifu huo kwenye jengo lenye watu wengi hugeuka kuwa faida. Kadi ya antena mbili ya kiwango cha 802.11ac kwenye upana wa megahezi 80 hukubaliana na ruta hadi megabiti 866.7, ilhali kadi ya antena moja ya 802.11n kwenye megahezi 20 huishia 72.2. Angalia kama kadi yako ina masafa hayo kwa iw phy | grep MHz, na ikiwa inayo lakini inang'ang'ania gigahezi 2.4, ilazimishe kupitia NetworkManager:

nmcli connection modify "Ofisini" 802-11-wireless.band a
nmcli connection up "Ofisini"

Kwenye gigahezi 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11 tu, kwa upana wa megahezi 20. Yupo atakayekushauri utumie ya 3 au ya 9 kwa sababu haina mtu. Usikubali. Chaneli hizo hupishana na jirani pande zote mbili, na ruta zinazopishana nusunusu haziwezi kusikilizana na kupeana zamu kama zinavyofanya zikiwa kwenye chaneli moja, zinavurugana tu. Tumia sudo iw dev wlan0 scan au nmcli dev wifi list kuona nani yuko wapi, lakini uamuzi ufanye kwa muda wa kushikwa kwa chaneli, maana chaneli yenye mitandao saba iliyolala ni bora kuliko yenye miwili inayopakua usiku kucha.

Upana mkubwa huongeza kasi ya karibu na hupunguza umbali: kila unapouongeza maradufu, kelele inayoingia kwenye kipokezi hupanda kwa desibeli 3. Katika nyumba iliyojitenga pale Mbezi au Kigamboni, megahezi 80 ni chaguo la kawaida. Katika ghorofa za Upanga au Kariakoo, ambako ruta za majirani zinasikika hata kwenye gigahezi 5, jaribu 40 na upime. Mara nyingine utapata zaidi kwa kuomba kidogo. Chaneli za kuanzia 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, kwa hiyo ruta lazima isikilize kwa walau dakika moja kabla ya kuanza kutangaza na iondoke ikigundua rada. Ni chaneli tulivu, ila ukiona waifai inatoweka ghafla kwa dakika moja kisha inarudi ikiwa kwingine, hiyo ndiyo sababu.

Kadi isipoona chaneli za gigahezi 5 kabisa, angalia iw reg get. Ikionyesha country 00, kompyuta haijui iko nchi gani na imejizuia. Iambie kwa sudo iw reg set TZ, na ili idumu weka mstari huu kwenye faili ndani ya /etc/modprobe.d/:

options cfg80211 ieee80211_regdom=TZ

Baadhi ya kadi, hasa za Intel, hujiamulia zenyewe na hazitii amri hii. Mazoea ya kuandika nchi nyingine ili kupata nguvu kubwa ya kutuma yaachwe. Masafa yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa sheria, na zaidi ya hapo mazoea hayo hayasaidii kitu: ruta inayopiga kelele zaidi haiifanyi simu yako isikike zaidi inapoijibu.

Mipangilio inayoficha kasi

Kuna mambo kadhaa ambayo hukata kasi bila kugusa nguvu ya mawimbi, na yote hukaguliwa kwa dakika chache. Kadi nyingi huwa zimewashwa uokoaji wa umeme, ambao huilaza redio kati ya pakiti. Uzime na upime tofauti:

sudo iw dev wlan0 set power_save off

Ikisaidia, ifanye ya kudumu kwa kuweka wifi.powersave = 2 chini ya kichwa [connection] katika faili ndani ya /etc/NetworkManager/conf.d/. Kwenye ruta, hakikisha usalama ni WPA2 yenye AES au WPA3; ruta iliyoachwa kwenye usalama wa zamani wa TKIP au WEP hushushwa na kanuni za 802.11n hadi megabiti 54, ambazo kwa vitendo ni 20 na kitu. WMM, inayopanga kipaumbele cha pakiti, nayo isizimwe, kwa sababu hiyohiyo. Kwenye OpenWrt zima kasi za 802.11b ili matangazo yawe mafupi:

uci set wireless.radio0.legacy_rates='0'
uci commit wireless
wifi reload

Halafu waangalie wateja walio mbali. Simu moja iliyo uani, inayotuma kwa megabiti 6, hushika hewa kwa muda mrefu kuliko kompyuta tano zilizo karibu, na ruta ya kawaida huwapa wote zamu sawa kwa idadi ya pakiti. Draiva huria zilitatua hili kwa kugawa muda badala ya pakiti, kuanzia ath9k mwaka 2017, na baadaye ath10k na mt76. Ndiyo maana ruta ya zamani yenye chipu ya Atheros na OpenWrt inaweza kuhudumia ofisi yenye watu vizuri kuliko ruta mpya ya bei kubwa.

Draiva na kadi za USB zinastahili uangalifu wakati wa kununua. Kwenye maduka ya Kariakoo boksi hutaja kasi kwa herufi kubwa na halitaji chipu, nayo chipu ndiyo inayoamua kama Linux itaitambua. Omba kuichomeka kwenye kompyuta yako kabla ya kulipa, uandike lsusb na dmesg | tail, na uone kama kerneli imeipokea bila kudai draiva ya pembeni. MT7612U ya MediaTek iko ndani ya kerneli tangu toleo la 4.19. AR9271 ya Atheros ni ya 2.4 pekee na ya antena moja, lakini hata programu-dhibiti yake ni huria, na ninaiheshimu kwa hilo. Ukishainunua, usiichomeke sako kwa bako na diski ya USB 3.0, kwa sababu matundu na kebo za USB 3.0 hutoa kelele kwenye gigahezi 2.4, kebo fupi ya kuongezea inayoitenga kwa nusu mita mara nyingi inamaliza tatizo.

Kasi inapokuwapo lakini kila kitu kinachelewa

Washa ping 192.168.1.1, kisha endesha iperf3 kwenye dirisha jingine. Ikiwa muda wa kujibu unapanda kutoka milisekunde 3 hadi 300, foleni imejaa mahali fulani, na hiyo ndiyo hali ambayo mtu mmoja akipakia video, wengine wote hawawezi kuongea. Fanya vivyo hivyo ukiipigia ping seva ya nje wakati unapakia faili kubwa. Kama ucheleweshaji uko upande wa nje, dawa yake ni CAKE, mpangaji wa foleni za pakiti, iliyoingia kwenye kerneli 4.19 mwaka 2018. Kwenye OpenWrt weka kifurushi cha luci-app-sqm, chagua cake, na uweke kikomo cha asilimia 85 hadi 90 ya kasi ya intaneti uliyopima. Utapoteza kiasi kidogo cha kasi ya juu na kupata mazungumzo yasiyokatika. Kwa ofisi inayoishi kwa mikutano ya video huo ni ubadilishanaji mzuri. Kwenye ruta za laini, ambazo kasi yake hupanda na kushuka na saa, weka kikomo kulingana na kipimo cha jioni.

FreeBSD na OpenBSD

Kwenye OpenBSD huhitaji hata kusakinisha kipimo: tcpbench -s upande mmoja na tcpbench 192.168.1.10 upande wa pili vinatosha. Endesha fw_update kwanza ili kadi ipate programu-dhibiti yake, na usome hali ya hewani kwa ifconfig iwm0. Kadi za Intel za iwm na iwx zilipata 802.11ac kwenye toleo la 7.1 la mwaka 2022. FreeBSD ilichelewa zaidi. Draiva ya iwlwifi ilipata 802.11n na 802.11ac kwenye 14.3 ya mwaka 2025, kwa hiyo mtu aliye kwenye toleo la nyuma asihangaike na antena kabla ya kuboresha mfumo. Amri ya ifconfig wlan0 list sta itamwonyesha kasi iliyokubaliwa na nguvu ya mawimbi.

Kurudi kwenye njia ndefu

Mara waifai inapopimika vizuri, linganisha intaneti kwa kebo na intaneti kwa waifai, kwenye saa ileile. Zikilingana, kilichobaki kiko nje ya nyumba. Wengi hapa hukimbilia kuongeza ukubwa wa bafa (hifadhi za muda) za TCP kwenye sysctl, yaani mipangilio ya kerneli. Fanya hesabu kwanza: muunganisho wa megabiti 50 kwenda seva iliyo milisekunde 150 kutoka hapa unahitaji data kama kilobaiti 940 ziwe njiani kwa wakati mmoja, na Linux hujiongezea bafa ya kupokelea hadi megabaiti 6 bila kuambiwa. Hakuna cha kuongeza hapo.

Kilichobaki ni kukusanya ushahidi. Ukiwa kwenye kebo, endesha mtr -rwc 100 1.1.1.1, inayoonyesha ucheleweshaji na pakiti zilizopotea katika kila kituo cha njiani, asubuhi na usiku, uhifadhi matokeo pamoja na tarehe, saa na kasi uliyopata kwa kebo, kisha umpelekee mtoa huduma. Mwambie pia matokeo ya iperf3 ya ndani, ili fundi wake asianze kwa kukuambia usogeze ruta. Malalamiko yenye namba hizo ni vigumu kuyapuuza, na yasiposhughulikiwa, karatasi zizo hizo ndizo utakazoziambatisha unapoyapeleka TCRA.